Kebo za Laki Saba na Mvumo Uliokataa Kuondoka

Kebo zinazounganisha kicheza CD na amplifaya yangu zililetwa kwa basi kutoka Nairobi kupitia Namanga, na bei yake ilikuwa laki saba na ushee, ingawa mke wangu aliambiwa nusu tu. Naandika haya kwa sababu watu wawili walionishauri kuhusu kebo hizo walinipotosha, kila mmoja kwa upande wake. Jirani yangu hapa Sakina, Arusha, alisema kebo ghali huondoa kila kasoro ya sauti. Fundi wa redio naye alisema waya ni waya, na kwamba hata ule wa kuanikia nguo hupitisha muziki uleule.

Kasoro iliyokuwa ikinisumbua ni mvumo mzito usiopanda wala kushuka, uliosikika kwenye spika zote mbili hata pasipo muziki. Nilifunga kebo mpya na mvumo ukabaki palepale, ila sasa ulikuwa mvumo wa laki saba. Fundi alipokuja alitoa dawa yake, nayo ni kukata waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ndani ya plagi ya amplifaya. Dawa hiyo mara nyingi hunyamazisha mvumo kweli, na ndiyo maana inapendwa. Lakini waya huo ndio unaomkinga mwenye nyumba siku umeme wa volti 230 utakapogusa bodi ya chuma ya amplifaya, na ukiwa umekatwa, kebo za sauti zitausambaza umeme huo hadi kwenye kila chombo kilichounganishwa nayo. Nilimshukuru, nikampa nauli, nikaficha bisibisi.

Nilianza kuchomoa kebo moja moja nyuma ya amplifaya huku nikisikiliza. Kicheza CD hakikuwa na hatia, wala mashine ya santuri. Nilipochomoa kebo ya king'amuzi, sebule nzima ikanyamaza. Jambo hilo lilinishangaza, kwa sababu king'amuzi kilikuwa kimezimwa ukutani tangu asubuhi na sikuwa nikikishuku hata kidogo. Niliirudisha kebo, mvumo ukarudi. Kisha nikafungua ule waya mnene wa dishi unaokazwa kwa kuzungushwa na vidole, na mvumo ukaondoka tena ingawa kebo ya sauti ilikuwa mahali pake. Hapo nilitoka nje kwenda kulitazama dishi, nami nakiri kwamba nilitembea kama mpelelezi aliyekwisha kumjua mwizi.

Dishi langu limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa bustanini, na wavu wa chuma ulio ndani ya waya wa dishi umeshikamana na nguzo hiyo. Amplifaya nayo ina ethi yake kupitia soketi ya ukutani. Ethi mbili za namna hiyo haziwi sawa kabisa kiumeme, kwa hiyo mkondo mdogo husafiri kutoka moja hadi nyingine kwa kupitia wavu wa nje wa kebo za sauti, na kwa kuwa umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, spika huvuma kwa mwendo huohuo. Mkondo huo hauhitaji king'amuzi kiwashwe. Unachohitaji ni njia tu, na kebo ya bei kali ni njia nzuri sana.

Tiba ilikuwa kisanduku chenye transfoma mbili ndogo, ambacho wafungaji wa redio za magari huuza kwa elfu kumi na kitu. Kikifungwa kwenye kebo ya sauti ya king'amuzi, hupitisha sauti bila kuunganisha ethi za pande mbili. Hupunguza besi kidogo, lakini kwa taarifa ya habari hakuna aliyelalamika. Kisiwekwe kwenye mashine ya santuri.

Kimya kilipopatikana ndipo nilipoweza kuzipima kebo zenyewe. Mpwa wangu alijificha nyuma ya kabati, akawa anarusha sarafu na kubadilisha kebo za CD kulingana na sarafu ilivyoanguka, nami nikiandika zipi ni za Nairobi na zipi ni zile za kawaida za elfu nane. Karatasi yangu ilifanana na ya mtu anayebahatisha. Tulipohamia kwenye santuri, nilizitambua za Nairobi kila mara, tena kwa ubaya: sauti za juu zilikuwa na ukali pale mwimbaji anapotamka "s", kisha zikafifia mapema.

Sababu yake hupimika. Sindano yangu ni AT-VM95E ya Audio-Technica, ambayo watengenezaji wake wanapendekeza jumla ya pikofaradi 100 hadi 200 (kipimo cha uwezo wa kebo kuhifadhi chaji ya umeme) kati yake na amplifaya. Niliazima kipimo cha fundi yuleyule, nikagusa pini ya kati na pete ya nje huku ncha ya pili ikiwa huru, na kebo ya laki saba ikaonyesha karibu 300, kabla ya kuhesabu nyaya za ndani ya mashine na amplifaya. Ile ya elfu nane, ambayo ni fupi zaidi, haikufika 100. Kicheza CD hakijali tofauti hiyo. Sindano inaijali sana. Kwa hiyo kebo ya bei rahisi ndiyo inayohudumia santuri zangu, jambo ambalo jirani hajalikubali.

Zile za Nairobi sijaziuza, kwa kuwa plagi zake zinashika barabara na wavu wake wa shaba umesukwa vizuri. Mishale iliyochorwa juu yake haionyeshi muziki unakoelekea, maana umeme wa sauti huenda na kurudi; katika kebo za aina hii husaidia kujua ni kwenye ncha ipi wavu umeunganishwa, maana umeunganishwa upande mmoja tu. Anayetaka kuzichomoa alegeze kwanza pete ya kukazia iliyo kwenye plagi, la sivyo ataondoka na soketi ya amplifaya mkononi.