Slaidi ya malaria kwa wanaojiandaa na mtihani wa vitendo

Wanachuo wa maabara, slaidi nyingi huharibika kabla hazijafika kwenye hadubini. Damu nene (tone linalotandazwa nene kwenye slaidi): mikrolita 6, tandaza duara la milimita 12. Damu nyembamba, inayotandazwa kwa tabaka jembamba, mikrolita 2 zinatosha. Methanoli, alkoholi ya kugandisha seli kwenye slaidi, ni ya nyembamba tu! Ikigusa nene, hata mvuke wake, chembechembe nyekundu hazipasuki na vimelea vinafichwa. Ukiikausha damu nene kwa moto kwa sababu ya haraka, mambo ni yaleyale. Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea, asilimia 10, dakika 10 hadi 15, kwa bafa (maji ya kuichanganyia) ya pH 7.2. Rangi iliyochanganywa asubuhi msiitumie jioni, inatoa mashapo ambayo mgeni wa hadubini huyahesabu kama vimelea. Na "hakuna vimelea" haiandikwi kabla ya kupitia fildi 100 (maeneo yanayoonekana kwenye lenzi) za damu nene kwa lenzi ya mafuta.