Jinsi nilivyofunga tabo kwenye kigari changu cha lita 1.3

Karibu kila aliyenishauri kuhusu kufunga tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kuishindilia injini hewa zaidi, kwenye gari dogo alizungumza kana kwamba kazi nzima ni kuipata tabo yenyewe, kuikaza kwenye eksozi na kuondoka. Mmoja wao, anayejiita fundi ingawa sijapata kuliona gari lake likiwaka bila kusukumwa, aliniapia kwamba nikitafuta tabo kubwa kuliko zote, mengine yatajipa. Mengine hayajipi. Ukivipanga mezani vipuri vyote vya kazi hii, tabo ni kimoja tu kati ya vingi, tena kwangu mimi haikuwa ghali kuliko vyote, kwa maana fedha iliyomezwa na kompyuta ya injini, nozeli za kupulizia petroli, mabomba na klipu sijathubutu kuijumlisha hadi leo.

Injini yangu ina silinda nne, ilitoka kiwandani bila tabo, na uwiano wake wa mgandamizo, yaani kiasi pistoni inavyoibana hewa ndani ya silinda, ni 10 kwa 1. Kwa injini kama hiyo tabo kubwa ni mzigo, kwa kuwa moshi ni mchache mno kuizungusha feni nzito kabla injini haijapandisha sana mzunguko, na barabarani utakanyaga mafuta usubiri hadi hamu ikuishe. Nilizikwepa pia tabo za yale magari madogo ya Japani yenye injini zisizozidi sentimita za ujazo 660, kwa sababu injini yenye ukubwa mara mbili ya hizo ingezizungusha kupita uwezo wake, na nikazikataa za dizeli, ambazo nyingi hazikutengenezwa kustahimili joto la moshi wa petroli. Niliyoichukua ilikuwa ya mtumba, iliyotoka kwenye gari la petroli lenye injini inayokaribiana na yangu. Kabla ya kulipa niliishika ncha ya shafti kwa vidole viwili: ikicheza kidogo kwenda kando si ubaya, kwa sababu nafasi hiyo hujazwa na oili, lakini ukihisi inaingia na kutoka, mrudishie mwenyewe. Manifoldi ya eksozi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye tabo, ilichomelewa kwa chuma kinene, bomba la kushushia moshi likaunganishwa, intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, ikakaa nyuma ya bampa, na hapo hapana hadithi.

Hadithi iko kwenye oili. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoitenganisha na beringi zake ni utando mwembamba wa oili. Oili ya kuingia niliitoa kwenye tundu la swichi ya presha ya oili kwa kiungo cha njia tatu, swichi yenyewe ikabaki na nafasi yake. Njia ya kurudi ilifungwa na fundi aliyechomelea manifoldi, naye alitumia hosi nyembamba, akaizungusha chini ya eksozi, akaipandisha kidogo ili ikwepe braketi, kisha akaiingiza kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, mahali palipomrahisikia, yaani chini ya usawa wa oili. Gari liliwaka vizuri, na muda si mrefu likaanza kutoa moshi wa buluu mzito kiasi kwamba majirani walifunga madirisha. Hukumu ikatolewa papo hapo na kila aliyepita: sili za tabo zimekufa, nunua nyingine.

Nilikataa, kwa sababu shafti ilikuwa bado imara. Oili inapoingia kwenye tabo ina presha, lakini inapotoka imegeuka povu, haina wa kuisukuma, na inashuka kwa uzito wake tu. Ikikuta njia nyembamba, mwinuko, au mlango uliozamishwa ndani ya oili nyingine, hujaa ndani ya tabo, na zile zinazoitwa sili, ambazo kwa kweli ni ringi ndogo za chuma, huiachia ipite kwenye moshi. Basi nikaichomoa hosi upande wa sampu, nikaliziba tundu, nikaielekeza hosi moja kwa moja chini kwenye kopo safi, nikawasha injini bila kukanyaga mafuta, nikawa nazima kila kopo linapokaribia kujaa ili niirudishe oili mahali pake. Moshi uliendelea kwa muda, maana oili iliyokwisha kumwagika ndani ya eksozi ilikuwa lazima iungue kwanza, na mtu aliyesimama pembeni akaanza kucheka. Kisha ukapungua, ukawa mwembamba, ukakata kabisa, na tabo iliyokwisha kuzikwa na wataalamu ikawa inavuma kwa raha zake huku ikidondosha oili koponi. Yule aliyekuwa akicheka akaniuliza nimeweka dawa gani. Dawa ilikuwa kuishusha sampu, kutoboa tundu jipya juu ya usawa wa oili, na kuweka hosi yenye upana wa ndani wa milimita 15 hivi, inayoteremka mfululizo bila kuinuka popote.

Kwenye upande wa petroli, ushauri mbaya kuliko yote ulikuwa wa kubandika gasketi mbili za silinda hedi ili mgandamizo upungue. Silinda hedi sikuigusa. Niliridhika na tabo kusukuma hewa kwa paundi 6 tu kwa kila inchi ya mraba juu ya presha ya hewa ya kawaida, ambazo ni kama asilimia 40 ya presha hiyo, na pistoni za kiwandani zikabaki. Hata kwa presha ndogo kama hiyo, sensa ya kiwandani inayopima presha kwenye manifoldi ya kuingizia hewa haisomi lolote linalozidi presha ya hewa ya nje, hivyo kompyuta ingetoa petroli ya injini isiyo na tabo huku silinda zimeshiba hewa, injini igonge, yaani mchanganyiko ulipuke ovyo ndani ya silinda, na pistoni itoboke. Nilibadilisha sensa, nikaweka nozeli zinazotoa karibu mara moja na nusu ya zile za awali, pampu yenye nguvu zaidi ndani ya tangi, plagi za daraja moja la ubaridi zaidi zenye mwanya wa milimita 0.7, na kompyuta inayokubali kupangwa upya. Usiendeshe bila sensa ya oksijeni ya masafa mapana, inayopima kwenye moshi uwiano wa hewa na petroli, kwani ukikanyaga hadi mwisho inapaswa kuonyesha sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, na ukiona 14 tabo ikiwa inasukuma, petroli haitoshi, ondoa mguu hapo hapo.

Mwanzoni presha ilikwama kwenye paundi 4, na wale wale wa sili wakataka niikaze springi ya vali inayopitisha moshi pembeni mwa tabo presha ikitosha. Badala yake nilichukua kifuniko cha plastiki cha bomba la maji, nikakitoboa, nikakivika vali ya tairi lisilo na tyubu, nikakibana kwenye mdomo wa tabo na kujaza upepo kwa pampu ya matairi huku nikipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hewa kidogo hupenya kupitia vali za injini, na hiyo haina neno. Chini ya intakula, hata hivyo, povu lilivimba kiputo baada ya kiputo, kwa sababu klipu ya kawaida ya skrubu ilikuwa imeukata mpira. Klipu nene ya bolti iliyamaliza yale yote, ingawa ningeshauri hosi ya kupumulia injini nayo iwekewe vali ya njia moja, la sivyo presha huingia kwenye sampu na kuizuia oili ya tabo isishuke.

Sasa kigari kinapanda mlima kwa gia ya tatu pale kilipohitaji ya pili. Klachi ya kiwandani imeanza kuteleza nikikanyaga nikiwa gia ya nne, mzunguko unapanda na mwendo hauongezeki, kwa hiyo nimeshaagiza klachi pleti mpya na presha pleti yenye springi ngumu zaidi, na giaboksi nitaikagua ikishakuwa chini.