Piza ya Futari, Majengo

Ramadhani ya mwaka 2020 ilitukuta kwenye kafyu ya korona. Ikifika saa moja jioni kila mtu awe kwake, na kwa kuwa magharibi iliingia yapata saa kumi na mbili na nusu, ukifuturu kwa watu ujue umelala huko huko. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Kwa shangazi yangu, Majengo ya Pumwani, Nairobi, binamu yangu mdogo alikuwa amekinai mbaazi za nazi (sijui kwa akili gani), akaniomba nikija niwaletee piza. Kuagiza ya moto saa za kufuturu, watu wa bodaboda wakikimbilia makwao, ni kubahatisha. Nikapita supamaketi, nikachukua ya friza na kipande cha jibini.

Shangazi aliligeuza lile boksi, akagonga piza kwa kucha. Maelezo yalitaka oveni ya nyuzijoto 220.

“Shangazi, oveni huna.”

“Kwani mkate wa kumimina huwa naupikia benki?”

Akainjika sufuria nzito jikoni, akapanga vijiwe ndani, juu yake sahani ya bati, piza ikakaa hapo. Akafunika. Kisha kwa koleo akahamisha makaa moja moja hadi juu ya kifuniko, yale mekundu hasa. Chini akabakiza machache yaliyokwisha shika majivu. “Moto wa chini una pupa, baba. Unga utaungua na jibini halijapata habari.”

Tulipofungua swaumu kwa tende, ilikuwa tayari: kingo zimekauka vizuri, katikati inatokota. Ilikwisha kabla sijakaa sawa. Shangazi alionja kipande chake, akasema aliyeitengeneza ni bahili.

Basi akaenda kwenye beseni la unga wa mahamri aliokuwa ameuumua kwa ajili ya daku. Unga wa tui la nazi na iliki! Watu wa Napoli, ambao kwao unga wa piza ni ngano, maji, chumvi na hamira, basi, wangeshika vichwa. Akatandaza donge kwenye sahani ile ile, akapaka nyanya alizozikaanga na kitunguu saumu hadi zikakauka maji, akamwaga nyama ya kusaga iliyobaki kwenye sambusa, hoho, na lile jibini langu lote. Napoli piza huokwa sekunde 60 hadi 90 katika tanuri la kuni. Yetu ilitaka subira, maana makaa ya juu yalipopoa ilibidi yabadilishwe. Ilitoka nene, ina utamu kwa mbali, harufu ya iliki juu ya nyama. Mimi niliipenda kuliko ya boksi. Binamu alisema hii ni hamri iliyovaa nguo, lakini alikula.

Iliyobaki tuliipasha daku. Kikaango kikavu, bila mafuta, moto mdogo. Chini ilipoanza kulia, shangazi akadondosha matone ya maji pembeni na kufunika, mvuke ukalainisha jibini. Chini ikawa inavunjika kwa mlio, jambo ambalo usiku haikuwa nalo. Tuliishushia kwa chai ya tangawizi.

Baada ya alfajiri nikaondoka na kipande kimefungwa kwenye karatasi, cha futari yangu. Nilikipasha vile vile, nikaongeza pilipili.