Kumbukumbu ya mradi: kufuatilia virutubisho katika Ghuba ya Chwaka

Ghuba ya Chwaka haina mto mkubwa unaomwaga maji ndani yake, na jambo hilo limebadilisha mpango mzima wa upimaji wangu. Ardhi ya mashariki ya Unguja ni ya mawe ya matumbawe yenye vitundu. Mvua huzama mara inaponyesha, na maji ya mashimo ya vyoo na makaro huzama pamoja nayo, kisha hutokeza ufukweni kupitia mchangani. Kwa sababu hiyo, awamu hii nimeiacha mikoko ya Mapopwe, kwenye mkono wa ghuba, na kuufuata ukingo wa ufukwe wakati wa maji kupwa.

Kifaa kinachonifaa zaidi kwa sasa ni kipimo cha chumvi. Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa kilo, hivyo kidimbwi kinachoonyesha kiwango cha chini sana siku isiyo na mvua kinanijulisha kwamba hapo panatoka maji ya ardhini. Wakati wa bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, chemchemi hizo huonekana waziwazi; wakati wa maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, nyingi hufichika. Sampuli ambayo haikuandikiwa hali ya maji, hata ikipimwa kwa mashine ghali, siioni kuwa na thamani.

Vipimo vya rangi vya wafugaji wa samaki wa mapambo nimeviondoa. Kwenye kadi niliyonayo, hatua ya kwanza baada ya sifuri ni miligramu 5 za naitreti (kirutubisho chenye naitrojeni) kwa lita, ilhali maji ya bahari ya kitropiki yasiyochafuliwa kwa kawaida huwa na chini ya mikromoli 1 kwa lita, yaani takriban miligramu 0.06. Naitreti inaweza kuongezeka mara kumi na kadi bado ikasoma sifuri, jambo ambalo ni sawa na kupima dhahabu kwa mizani ya magunia. Sasa nachuja maji, nayagandisha, na kuyatunza kwa ajili ya maabara.

Nitaomba naitreti, amonia (nayo ina naitrojeni) na fosfeti (yenye fosforasi) zipimwe pamoja. Amonia nyingi huashiria maji machafu ambayo hayajakaa ardhini muda mrefu. Naitreti huongezeka pale bakteria wanapopata hewa na muda wa kuibadilisha amonia hiyo. Fosfeti, kwa upande wake, hunaswa na mawe ya chokaa njiani, kwa hiyo natarajia naitrojeni ipite kwa wingi uwiano wa naitrojeni 16 kwa fosforasi 1 ambao mimea midogo ya baharini huutumia. Mji Mkongwe, ambako mabomba humwaga majitaka moja kwa moja baharini, haufai kulinganishwa na huku bila tahadhari.

Mama mmoja mkulima wa mwani aliponiona nikichota maji aliniambia, “Mwanangu, hapo penye maji baridi ndipo majani ya kijani yanapotushinda kwenye kamba.” Nimeiingiza kauli hiyo kwenye ramani, ingawa mwani huo wa kijani huvumilia pia maji yenye chumvi kidogo, na kuota kwake peke yake hakuthibitishi uchafuzi. Kwa hiyo bamvua ijayo nitachota maji penye chemchemi zenye majani hayo na zisizo nayo, kisha nirudie vituo hivyohivyo baada ya masika.