Bembea ya kulalia isiyoshuka usiku

Bembea yangu ya naironi ilikuwa nyepesi ajabu, lakini kila nikilala nje kule Pangani, kufikia alfajiri mgongo ulikuwa karibu kugusa mchanga. Kamba nilizikagua, hazikusogea. Tatizo lilikuwa kitambaa: naironi hunyonya unyevu, na ikilowa huvutika zaidi. Kwa hewa ya pwani ya Tanga, huo unyevu haukosi.

Nikaenda mjini kutafuta poliesta, ambayo hainyonyi maji kiasi hicho wala haivutiki sana. Dukani nilishika kila kitambaa kwa mshazari nikakivuta kwa nguvu, maana huko ndiko kinakolegea. Kilichorudi sawasawa bila kuacha tumbo ndicho nilichochukua. Uzito nao una maana. Cha gramu 35 kwa mita ya mraba nilikiona chembamba mno kwa kilo zangu 85. Nilichagua cha gramu 65, kizito zaidi ya hapo ni mzigo tu mgongoni.

"Mwanangu, ncha hizi nipige mistari mitatu?" fundi cherehani aliniuliza.

"Mitatu, mzee wangu, na uzi uwe wa poliesta."

Naifunga kamba zikiwa na mteremko wa digrii 30 hivi, nalala mshazari, na asubuhi bembea iko palepale.