Wazee wa Mwanza hawaonekani kwenye asilimia

Ukiweka Sensa ya 2012 pembeni ya ile ya 2022, utakuta Watanzania wenye miaka 60 na kuendelea walikuwa asilimia 5.6, kisha asilimia 5.7. Wengi huishia hapo na kusema nchi hii ni ya vijana, mambo ya wazee yasubiri. Rudi kwenye vichwa. Mwaka 2012 wazee walikuwa kama milioni 2.5, mwaka 2022 walikuwa kama milioni 3.5. Wameongezeka milioni nzima na asilimia haikutikisika, kwa sababu watoto nao waliendelea kuzaliwa kwa wingi: walio chini ya miaka 15 bado ni karibu asilimia 43 ya watu wote. Zahanati haiagizi dawa za presha kwa asilimia. Inaagiza kwa idadi ya wagonjwa.

Kwa mkoa wa Mwanza, hesabu ya kwanza ni kasi ya ongezeko, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 2,772,509. Mwaka 2022 watu 3,699,872. Anayetoa, akagawa kwa idadi ya mwanzo, kisha akagawa kwa miaka 10, anapata asilimia 3.3 kwa mwaka. Amekosea, maana idadi ya mwanzo haibaki vilevile: kila mwaka ongezeko huja juu ya idadi iliyokwisha kukua. Gawa 3,699,872 kwa 2,772,509 upate 1.3345, bonyeza kitufe cha ln (logi asilia) kwenye kikokotoo upate 0.2885, kisha gawa kwa 10. Jibu ni 0.0289, yaani asilimia 2.9. Kanuni ya mkato ya kukadiria miaka ya kuongezeka mara mbili ni kugawa 70 kwa kasi hiyo: 70 kwa 2.9 unapata 24, yaani kwa mwendo huo mkoa utakuwa na watu mara mbili ndani ya miaka 24 hivi.

Usivute mstari huo hadi 2002 bila kuangalia mipaka. Sensa ya 2002 iliipa Mwanza watu karibu milioni 2.9, hivyo ukilinganisha na 2012 utadhani watu walihama. Hawakuhama. Mwaka 2012 wilaya ya Geita ilitolewa ikawa sehemu ya mkoa mpya wa Geita, na Busega ikamegwa kutoka Magu ikaenda Simiyu. Linganisha wilaya kwa wilaya, tena baada ya kurudisha kata mahali zilipokuwa.

Umri wa wazee ndio kazi ngumu zaidi. Waliozaliwa kabla ya Uhuru wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na umri wao huangukia kwenye 60, 65, 70. Kipimo kilichozoeleka cha kasoro hii ni cha Whipple: chukua watu wa miaka 23 hadi 62, hesabu wale ambao umri wao unaishia na 0 au 5, zidisha kwa 5, gawa kwa jumla ya kundi, zidisha kwa 100. Kwenye kundi la watu 1,000, wakiwa 260 unapata 130. Umri ukitajwa sawasawa, jibu huwa 100. Likivuka 125, takwimu hizo ni za kukisia. Kwa kuwa kipimo hiki kinakomea 62, kwa wazee tazama tu waliotaja 59, 60 na 61. Wa 60 wakiwapita mbali majirani zao, umri umekadiriwa.

Dawa yake ni kuuliza matukio. Bibi wa Ukerewe akisema, "Andika sitini, mjukuu wangu," karani asiandike haraka. Amuulize: "Bibi, ziwa lilipojaa kipindi kile cha Uhuru, ulikuwa umeshaanza kuchota maji mwenyewe?" Akijibu kwamba alikuwa akibeba ndoo ndogo, basi mwaka 1962 alikuwa na miaka minane au tisa, kazaliwa karibu 1953. Kwa sensa ya 2022 ana miaka 69, si 60. Lazima kuwe na tukio la pili la kuhakiki: wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, alikuwa ameshaolewa? Mtoto wake wa mwisho alikuwa darasa gani MV Bukoba ilipozama Mei 1996? Majibu yakipishana kwa miaka miwili mitatu, chukua katikati. Yakipishana kwa kumi, anza upya.

Kinachozeesha taifa zaidi ni kupungua kwa uzazi, kuliko watu kuishi muda mrefu. Japani imefikia asilimia 29 ya wenye miaka 65 na zaidi kwa njia hiyo. Kwetu mwanamke alizaa wastani wa watoto zaidi ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990; mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Safari imeanza, japo polepole. Na wazee wa 2050 hawahitaji kubashiriwa: ni watu waliokuwa na miaka 32 na kuendelea mwaka 2022, ukitoa watakaofariki. Wale wa Mwanza utawakuta leo Kirumba mwaloni kwenye soko la samaki, Igoma na Buhongwa, wengi kwenye kazi zisizo na mfuko wa pensheni.

Kwa mtendaji wa mtaa, daftari la wakazi linatosha kuanzia. Safu ya "umri" iondolewe, iwekwe "mwaka wa kuzaliwa", kwa sababu umri ulioandikwa leo huwa si sahihi tena mwakani. Pembeni yake iwepo safu ya tukio lililotumika kukadiria. Kisha wahesabiwe wenye miaka 50 hadi 59 peke yao. Hao ndio watakaoingia kwenye foleni ya wazee ndani ya miaka kumi ijayo.