Fleksibo ya maji iliyofungwa kwenye jiko langu la gesi

Fundi aliyenifungia jiko mara ya kwanza aliniambia, "Mama Salma, bomba ni bomba tu." Nikikumbuka maneno hayo bado napandwa na hasira.

Naoka keki za oda hapa Tabata. Oveni ya umeme ilikuwa inakula luku mpaka faida haionekani, nikajikusanya nikanunua jiko la gesi la plate nne lenye oveni chini. Sasa, nyuma ya jiko hilo hakuna ule mdomo wa kuchomeka mpira tuliouzoea. Kuna bomba fupi lenye nyuzi za kuzungushia, za nusu inchi. Fundi akachungulia, akatoka kwenda duka la vifaa vya ujenzi mtaani, akarudi na fleksibo, lile bomba la kuungia sinki, limefumwa kwa chuma na linang'aa. Likaingia kwenye zile nyuzi kama vimezaliwa pamoja. Upande wa regulata, kile kifaa kinachokaa juu ya mtungi, akaungia kipande cha mpira, akapitisha kiberiti kinachowaka kando ya viungo, akasema havivuji. Moto ukawaka wa bluu. Nikamlipa elfu thelathini hivi pamoja na bomba, nikamshukuru sana.

Ilipita kama miezi miwili. Usiku mmoja Salma amejilaza mkekani anaandika kazi ya shule, akaniambia, "Mama, kunanuka yai viza." Mimi nimesimama pale mezani, sisikii kitu. Nikapiga magoti, nikashusha uso mpaka karibu na sakafu, ndipo harufu ikanipiga. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Hiyo harufu yenyewe hutiwa makusudi, maana gesi peke yake hainuki. Mtoto aliyelala chini ndiye aliyetuokoa.

Nilifunga mtungi, nikafungua mlango wa nyuma wazi kabisa, kwa sababu dirisha la jikoni liko juu na gesi haipandi kulifuata. Taa iliyokuwa inawaka niliiacha iwake, swichi sikuigusa hata moja. Tukakaa nje, simu mkononi nimeshaandika 114 ya Zimamoto, mpaka harufu ikaisha yote.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee jirani aliyefanya kazi ya ufundi kwenye majiko ya hoteli miaka mingi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, lilete hilo bomba nilione." Akalikata katikati kwa msumeno wa chuma. Ndani ya kile chuma kizuri mlikuwa na mpira mwembamba mweusi, umevimba, umelegea kama ubani uliotafunwa. Niliuminya, kidole kikabaki na weusi unaonata. Mzee akanieleza kwamba mpira wa fleksibo za maji mara nyingi ni wa aina inayostahimili maji tu, na gesi ya kupikia ni ndugu ya petroli, inaulegeza taratibu. Chuma cha juu hakizuii gesi, kazi yake ni kuushika mpira usipasuke. Kwa nje lile bomba lilikuwa bado jipya kabisa.

Nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani. Maduka mawili ya kwanza walinitolea fleksibo ileile na kuniapia ndiyo wanayochukua watu wote. Duka la tatu nilisoma kwanza maandishi kwenye mpira wenyewe: umeandikwa kuwa ni wa gesi, milimita 8 ndani, na mwaka uliotengenezwa. Ni ule wa rangi ya chungwa. Nilikata mita moja na nusu, kipande kimoja kisicho na kiungo katikati, nikachukua kichwa cha shaba chenye nyuzi za nusu inchi upande mmoja na meno ya kushika mpira upande wa pili, washa yake, ile pete ya kuzibia, na klipu mbili. Yote haikufika elfu arobaini, nauli ya daladala ndani.

Mpira mpya ni mgumu kuingia, nami nilishaanza kutafuta mafuta ya kupaka. Mzee akanikataza. Akachovya ncha yake kwenye maji ya moto kwa muda, akaufuta, akausukuma, ukaingia mpaka mwisho wa meno. Klipu akaikaza mpaka ikagoma kuzunguka, hapo hapo akaacha, kwa sababu ikizidi inakata mpira. Na mpira haukupitishwa nyuma ya oveni kwenye joto, tuliuzungusha pembeni.

Kisha sabuni ya vyombo na maji kidogo kwenye bakuli. Plate zote zimefungwa, mtungi umefunguliwa, tukapaka povu kila kiungo kwa sponji. Kwenye klipu, kimya. Kwenye kile kichwa cha shaba, vipovu vidogo kama punje za mtama vikawa vinazaliwa kimoja kimoja. Kiberiti kisingeviona hivyo, na kama uvujaji ungekuwa mkubwa kingetuunguza. Tulifunga mtungi, tukafungua kichwa, tukakuta uchafu wa ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji umebaki chini ya washa. Tukasafisha, tukafunga upya, tukapaka tena. Nilikodoa macho pale dakika nzima, povu limetulia tuli.

Tangu Mei 2024 kuna mkakati wa taifa kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Naunga mkono kwa moyo wote, mkaa umenitoa machozi ya kutosha. Lakini mtungi unauzwa kila kona, na wa kukwambia habari za mpira humwoni.

Kile kipande kilichokatwa nilikitunza. Yule fundi alipopita wiki iliyofuata nilimpa akiminye. Akaminya, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ule wa chungwa nimeununua duka gani. Kuna nyumba mbili Segerea alizofunga vilevile. Nilimwelekeza duka, nikamwambia asingoje kesho.